Mmea wa Wawindaji: Kisa cha Hudia na Vidonge vya Kukata Hamu ya Kula



Sisi tunaoshona magauni ya harusi tunajua kuwa suali kubwa la bibi harusi mara nyingi halihusu kitambaa wala shanga. Linahusu kiuno. Akishapimwa huuliza kama tunajua dawa ya kukata hamu ya kula, kisha haraka huongeza: iwe ya majani, ya asili, isiyo na kemikali. Neno hilo "asili" linawatuliza wengi. Mtu anaogopa kidonge cha hospitali, lakini unga wa mmea anaumeza bila ya kuuliza umetoka wapi.

Leo tumeamua kuuliza. Tumechagua mmea mmoja tu, hudia, ambao kwenye makopo huandikwa Hoodia gordonii. Tumeuchagua kwa sababu historia yake inajulikana tokea mwanzo hadi mwisho: nani aliujua kwanza, nani aliupeleka sokoni, nani alilipwa, na wanawake walipopewa kweli kilitokea nini. Anayetaka kununua kopo lolote la kupunguza mwili, hata kama si la hudia, kisa hiki kitamfaa.

Mmea wenye miiba wa Kalahari

Kusini mwa Afrika kuna nchi mbili kavu: jangwa la Namib lililo kando ya bahari ya Atlantiki, na Kalahari iliyo upande wa ndani. Huko Namibia, Botswana na Afrika Kusini huota mmea mfupi wenye mashina manene yaliyosimama kama matango, na juu yake miiba imejipanga mistari mistari. Ukiutazama utadhani ni dungusi, lakini wataalamu wa mimea wanauweka katika ukoo mwengine. Ua lake ni pana, lina rangi ya nyama, na linanuka kama nyama iliyooza, kwa sababu linawategemea inzi kulichavusha.

Walioujua mmea huu kabla ya watu wote ni Wasan. Ni miongoni mwa watu wa kale kabisa wa bara letu, na kwa maelfu ya miaka wameishi kwa kuwinda na kuchuma. Lugha zao zina sauti za kidoko, kama tunazozisikia kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huko bara. Leo wanakadiriwa kuwa laki moja hivi, wametawanyika katika nchi kadhaa za kusini, na wengi wao ni maskini waliopoteza ardhi zao.

Mwindaji wa Kisan akishampiga mnyama mshale wa sumu, huenda akamfuata kwa siku nzima au zaidi hadi aanguke. Chakula hana, na maji ni ya shida. Hapo hukata kipande cha shina la hudia, akaikwangua miiba, akatafuna nyama ya ndani ambayo ni chungu. Njaa na kiu humpungukia, akaendelea na safari.

Tunaomba hapa mtulie kidogo, maana ndipo palipo na jambo lenyewe. Mwindaji yule hakutafuna hudia ili asile. Alitafuna ili apate nguvu ya kukifikia chakula, akipeleke nyumbani, ale yeye na watoto wake. Sisi tunaofunga tunaweza kulielewa hili kwa mfano wa daku. Unakula daku likubebe hadi magharibi, na magharibi ikiingia unafuturu. Hakuna anayekula daku kwa nia ya kutofuturu.

Kutoka jangwani hadi kwenye hataza

Wazungu waliuona mmea huu zamani. Mwaka 1779 Robert Jacob Gordon, mwanajeshi na msafiri aliyelitumikia jeshi la Waholanzi huko Rasi, aliuchora karibu na mto Orange, na jina la gordonii limetokana naye. Baadaye, mtaalamu wa mimea wa Afrika Kusini, Rudolf Marloth, aliandika kuwa wenyeji huutumia mmea wa jamii hiyo badala ya chakula na maji. Kwa hiyo ujuzi wa Wasan uliingia vitabuni, lakini uliingia kama habari ya "wenyeji", bila ya jina la mtu yeyote.

Mwaka 1963 baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la Afrika Kusini, linalojulikana kwa herufi CSIR, lilianza kuchunguza mimea ya porini inayoliwa. Hudia ilikuwa ndani ya orodha. Wanyama wa maabara waliopewa mmea huo walikula kidogo na wakapungua uzito. Vyombo vya kuchambua kemikali vilipokuwa bora zaidi, wanasayansi waliweza kuitenga sehemu waliyoamini ndiyo inayoondoa njaa, ikaitwa P57. Mwaka 1995 CSIR iliomba hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mtu mwengine kuutumia ugunduzi huo kibiashara bila ya ruhusa.

Mwaka 1997 CSIR iliipa haki hiyo kampuni ndogo ya Uingereza, Phytopharm. Mwaka uliofuata Phytopharm ikaingia mkataba na kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, Pfizer. Tunazungumzia mamilioni ya dola hapa. Nchi tajiri zilikuwa zimejaa watu wanaotaka kupungua, na mmea unaoondoa njaa ulionekana ni dhahabu.

Katika mikataba yote hiyo, Wasan hawakuulizwa na wala hawakuambiwa.

"Tulidhani wamekwisha"

Mwezi wa Juni 2001 gazeti la Observer la Uingereza lilitoa habari hiyo hadharani. Mkuu wa Phytopharm, Richard Dixey, alijitetea kuwa alikuwa akiamini watu waliokuwa na ujuzi huo wameshatoweka duniani. Watu laki moja, walio hai, wana majina na wajukuu, walihesabiwa kuwa wamekufa, na mali yao ikagaiwa.

Wasan wakiwa na mwanasheria wao, Roger Chennells, waliidai CSIR. Mazungumzo yalichukua karibu miaka miwili. Mwezi wa Machi 2003, huko Andriesvale katika jimbo la Northern Cape, makubaliano yalitiwa saini, na Petrus Vaalbooi akisimama kwa upande wa Baraza la Wasan la Afrika Kusini. CSIR ilikubali kuwapa Wasan asilimia 8 ya malipo itakayopokea katika kila hatua ya kuitengeneza dawa, na asilimia 6 ya mrabaha iwapo dawa ingeuzwa. Fedha ziliwekewa mfuko wa pamoja.

Hesabu hiyo isomwe vizuri, maana sisi wafanyabiashara tunajua namba zinavyoweza kumpendeza mtu kisha zisimpe kitu. Asilimia 6 ile ilikuwa ya sehemu aliyopata CSIR. Haikuwa asilimia 6 ya mauzo dukani. Na CSIR nayo ilikuwa inapata sehemu ndogo tu ya atakachopata Phytopharm. Hata hivyo makubaliano yale yalikuwa na uzito mkubwa. Yalikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani ambapo wenye ujuzi wa jadi walitambuliwa kwa maandishi kuwa ni wenyewe, na watu wengi wanaopigania haki za wenyeji wamekuwa wakiyarejea tokea hapo.

Kampuni mbili zinaondoka

Mwaka huo huo wa 2003, Pfizer ilirudisha haki ya hudia na kuondoka. Kuitengeneza P57 kiwandani kulikuwa kugumu na ghali. Halafu mwaka 2005 Jasjit Bindra, aliyekuwa mtafiti wa Pfizer katika kazi hiyo, aliandika katika gazeti la New York Times kuwa kulionekana dalili za madhara kwenye ini, yaliyotokana na vitu vyengine vilivyomo katika mmea, na kuvitoa haikuwa rahisi. Aliwaonya watu wasiitumie hudia mpaka uchunguzi ukamilike.

Unilever ikaingia mwishoni mwa 2004. Mpango wake ulikuwa kuitia hudia katika vinywaji vya kupunguza mwili vya Slim-Fast. Mashamba yalilimwa Afrika Kusini na Namibia. Fedha zilitumika kwa mamilioni ya pauni. Mwezi wa Novemba 2008 Unilever nayo ikaacha, ikasema bidhaa haikufikia kiwango chake cha usalama na cha ufanisi.

Sababu ilikuja kujulikana kwa urefu mwaka 2011, matokeo ya utafiti yalipochapishwa katika jarida la American Journal of Clinical Nutrition. Wanawake 49 wenye afya lakini wenye uzito uliozidi waligaiwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa hudia iliyosafishwa ndani ya kinywaji cha mtindi mara mbili kwa siku, jengine likapewa kinywaji kama hicho kisicho na hudia. Walikaa hivyo siku 15, chakula kipo, kila mmoja akila anavyotaka.

Tofauti ya kula haikuonekana. Tofauti ya uzito haikuonekana. Kilichoonekana ni kuwa waliotumia hudia walipata zaidi kichefuchefu, kutapika na hisia zisizo za kawaida kwenye ngozi, na vipimo vyao vya shinikizo la damu, mapigo ya moyo na bilirubini, ambayo hupimwa kuangalia ini, vilipanda.

Basi wale wanyama wa maabara ilikuwaje? Jibu moja linatokana na utafiti mwengine wa 2004, ambapo P57 ilidungwa moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya. Panya wale walikula pungufu kwa asilimia 40 hadi 60 katika saa 24. Lakini sisi binadamu tunameza kwa mdomo. Kitu kinapita tumboni, kinapita kwenye ini, na kinachofika ubongoni huenda si kile kilichoandikwa kwenye kopo. Na yule mwindaji wa Kalahari anatafuna shina bichi juani, siku moja moja, akiwa anatembea masafa marefu. Hakutumia unga uliokaushwa, ukasafirishwa kwa meli, ukamezwa kila siku kwa miezi mitatu.

Makopo yaliendelea kuuzwa

Mtu angedhani hadithi ingekwishia hapo. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Novemba 2004 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kilimwonesha mtangazaji Lesley Stahl akiila hudia huko Kalahari na kusema kuwa siku ile hakusikia njaa. Baada ya hapo vidonge vilijaa sokoni, miaka ambayo kampuni yenye haki ilikuwa bado haijatoa bidhaa hata moja.

Sasa fikirini. Hudia inakua polepole, inachukua miaka kadhaa hadi ikomae, na ile ya porini ilikuwa ikichimbwa ovyo kiasi kwamba mwaka 2004 nchi zilikubaliana kuiingiza katika orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa lazima iwe na kibali. Mmea wenyewe haba, lakini makopo hayana idadi. Vilikuwa vimetoka wapi? Vipimo vilionesha kuwa vingi havikuwa na hudia ya kutosha, au havikuwa nayo kabisa. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani wauzaji wa hudia kwa kudai mambo ya uongo juu ya bidhaa zao.

Kopo lisilo na kitu linakula fedha tu. Hatari zaidi ni kopo lenye kitu kisichoandikwa. Mwishoni mwa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya bidhaa nyingi za kupunguza mwili, baadhi zikijiita za asili, ambazo ndani yake kulifichwa dawa za hospitali, khasa sibutramini. Dawa hiyo inakata hamu ya kula kweli. Lakini mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo shoga akikwambia, "Hii ya majani imenifaa, sili kabisa," na wewe uwe na wasiwasi. Huenda kilichomfaa si majani.

Hudia haikuwa peke yake

Tutaje kwa ufupi mimea mengine mitatu, maana majina hubadilika lakini mwendo ni mmoja.

Wachina wametumia ma huang kwa zaidi ya miaka 2000 kutibu kikohozi na pumzi. Ndani yake mna efedrini. Miaka ya 1990 wauzaji wa Marekani waliifanya dawa ya kupungua, mara nyingi ikichanganywa na kafeini. Mwezi wa Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alifariki baada ya kuitumia, na mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku vidonge vya mmea huo.

Mirungi tunaijua zaidi, inalimwa Meru, Ethiopia na Yemen. Msomi Peter Forsskål aliyefariki Yemen mwaka 1763 ndiye aliyeupa mmea huo jina lake la kitaalamu. Mla mirungi hasikii njaa, hilo kila mtu analiona, lakini pia halali, moyo unamwenda mbio, na kuacha kunakuwa kazi. Tanzania sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Na hii nayo ni majani matupu, ya asili kabisa!

Wa tatu ni garsinia, tunda ambalo watu wa Kerala huko India hutia katika mchuzi wa samaki kuufanya mkali, kama sisi tunavyotia ukwaju. Katika mchuzi halina neno. Lilipofanywa vidonge, utafiti uliochapishwa 1998 uliwafuata watu 135 kwa wiki 12, na waliokula garsinia hawakupungua kuliko waliokula vidonge vitupu.

Basi bibi harusi afanye nini?

Kwanza, lijue neno "asili" linamaanisha nini. Linakwambia kitu kimetoka ardhini. Halikwambii kama kinafanya kazi, halikwambii kama ni salama, na halikwambii kama kilichomo kwenye kopo ndicho kilichoandikwa nje. Muulize muuzaji: mmea gani, sehemu gani ya mmea, imesajiliwa na mamlaka ya dawa? Akikujibu kwa kukuonesha picha ya mwanamke aliyepungua, hilo si jibu.

Pili, ukiwa na presha, sukari, ugonjwa wa ini au moyo, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, au kama unameza dawa yoyote, usianze kitu cha kukata njaa kabla ya kumuona daktari. Mpelekee na kopo lenyewe alisome.

Tatu, vipo vya mimea vinavyoshibisha bila ya hila: choroko, kunde, maharage, mchicha, matembele, tango, nafaka isiyokobolewa. Vina nyuzinyuzi, vinakaa tumboni, na vinachelewesha njaa ya pili. Havitakupunguza kwa wiki mbili, wala hakuna aliyevitengenezea tangazo. Lakini vinauzwa Darajani kila asubuhi na unaviona kwa macho yako.

Nne, hili ni la ushoni. Gauni hufuata mwili, mwili haulazimiki kulifuata gauni. Mwambie fundi wako aache kitambaa cha akiba ndani ya mshono, na upimwe tena wiki mbili kabla ya siku yako. Kupunguza kiuno cha gauni au kukiongeza ni kazi ya jioni moja kwa fundi. Bibi zetu walimweka bibi harusi ndani, wakamsinga kwa liwa, wakamlisha vizuri ili anawiri. Hawakutaka atoke amekauka midomo na macho yameingia ndani.

Na tukirudi kwa Wasan: dawa ya kampuni kubwa haikupatikana, hivyo mrabaha ule wa asilimia 6 haukuwaletea utajiri waliotarajiwa. Phytopharm iliirudishia CSIR haki zake mwaka 2010. Hudia bado inaota Kalahari, na Wasan bado wapo. Tukiiona picha ya mmea huo kwenye kopo, tujue ni chakula cha safari cha watu waliokuwa na njaa ya kweli, na hawakuutafuna ili wapungue.

Mabibi harusi wetu, Allah awajaalie ndoa zenye kheri na afya ya kuziishi. Mwenye suali la gauni au la vipimo, karibu dukani.